Je, Wajua? Mtu wa Kyela Anapojiandaa Kwenda Kuona Gorila

Tanzania ina tembo, simba, vifaru na sokwe, lakini haina gorila wa porini hata mmoja. Mtu wa Ndandalo, wilayani Kyela huku kaskazini mwa Ziwa Nyasa, akitaka kumwona gorila uso kwa uso hana budi kuvuka mpaka aende Uganda, Rwanda au Kongo. Safari hiyo ina maandalizi yake, na mengi hayaandikwi kwenye matangazo ya watalii. Tumeyakusanya hapa yanayoshangaza pamoja na yanayofaa. Tunaanzia Kyela kwenyewe, kwa sababu sehemu kubwa ya maandalizi hayo unaweza kuimaliza kabla hujatoka Mkoa wa Mbeya.

Je, wajua kwamba jirani yako ni adimu karibu sawa na gorila?

Ukisimama Kyela siku isiyo na mawingu ukatazama kaskazini, unauona Mlima Rungwe. Katika misitu yake, na katika msitu wa Livingstone ulio ndani ya Hifadhi ya Kitulo, anaishi kipunji: kima wa rangi ya kahawia, mwenye mkia mrefu na kishungi cha nywele kilichosimama utosini. Wawindaji wa Kinyakyusa walimjua na kumpa jina zamani. Wanasayansi walichelewa. Timu ya Tim Davenport wa shirika la uhifadhi la WCS ilimfikia Rungwe mwaka 2003 baada ya kusikia habari zake vijijini. Mwaka uliofuata timu nyingine, iliyokuwa na Trevor Jones, ilimwona katika msitu wa Ndundulu huko Udzungwa bila kujua habari za wenzao wa Rungwe. Dunia ikatangaziwa Mei 2005.

Mwaka 2006, vinasaba vilipochunguzwa, ilibainika kwamba kipunji ana undugu wa karibu na nyani, lakini anastahili jenasi yake peke yake. Ikaitwa Rungwecebus, kwa heshima ya mlima. Ilikuwa imepita miaka 83 tangu jenasi mpya ya kima itangazwe Afrika. Hesabu ya kwanza, iliyotolewa mwaka 2008, ilipata kipunji 1,117. Hesabu ya baadaye ilipata zaidi, lakini bado hawajafika 2,000. Gorila wa milimani, anayejulikana dunia nzima, naye ni elfu moja na ushei tu. Anayesafiri mbali kutazama mnyama adimu ajue kwamba mwingine amemwacha nyuma ya nyumba.

Je, wajua kwamba msitu wa kipunji unanywesha mpunga wako?

Mito ya Mbaka, Kiwira na Lufilyo hushuka kutoka nyanda za juu za Rungwe na Livingstone, ikakatiza bonde la Kyela na kuingia ziwani. Mchele wa Kyela, unaotafutwa kwa harufu yake hadi Dar es Salaam, unaanzia kwenye maji hayo. Mlima Rungwe ulitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2009, na mnufaika mmojawapo ni mkulima wa chini kabisa ya mto, ambaye huenda hajawahi kumwona kipunji maishani mwake.

Je, wajua kwamba mlima wa mazoezi uko karibu?

Ziwa Nyasa liko mita 475 hivi kutoka usawa wa bahari. Msitu wa Bwindi nchini Uganda, wenye karibu nusu ya gorila wa milimani waliobaki duniani, unaanzia mita 1,160 na kupanda hadi mita 2,607. Gorila wa milima ya Virunga, inayogawanywa na Rwanda, Uganda na Kongo, mara nyingi huonekana juu zaidi ya hapo. Mtu aliyezoea tambarare za Kyela atahema.

Rungwe ina urefu wa zaidi ya mita 2,900, yaani inapita kilele chochote cha Bwindi. Ukipata mwongozaji wa kuaminika Tukuyu, ukapanda na kushuka mlima huo kwa miguu yako, umeshajipima. Kutembea kuwafuata gorila kunaweza kuchukua saa moja au kunaweza kuchukua saa nane, kwa kuwa gorila hawana miadi na mtu. Walikolala jana siko watakakokula leo. Kanuni ya watu wa milimani ni fupi: anza kutembea wiki nyingi kabla, tafuta miinuko, vaa viatu vile vile utakavyovaa siku yenyewe. Viatu vipya huchubua hata mguu wa mkulima.

Je, wajua kwamba maua na gorila wanataka misimu tofauti?

Kitulo, iliyopandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ndiyo hifadhi ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya maua. Wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Ina aina zipatazo 350 za mimea, zikiwemo aina 45 za okidi zinazoota ardhini. Maua hayo huchanua wakati wa mvua, hasa kati ya Desemba na Aprili.

Gorila wapo mwaka mzima, ila njia za kuwafikia hupitika vizuri zaidi kiangazi: Juni hadi Agosti, na Desemba hadi Februari. Kwa mtu wa Kyela, Juni ina neema mbili. Mvua za hapa, zinazofikia kilele Aprili, zimepungua, na mpunga umeshavunwa. Mwenye kuuza magunia yake vizuri ana nauli, na njia za Bwindi nazo zimekauka.

Je, wajua kwamba gorila wa milimani walitangazwa kutoka koloni moja na Kyela?

Oktoba 1902, ofisa wa Kijerumani Robert von Beringe alikuwa akipanda Mlima Sabyinyo katika safu ya Virunga. Aliwapiga risasi gorila wawili na kupeleka masalia Berlin. Mwaka 1903 mtaalamu Paul Matschie aliwaelezea kisayansi na kuwaita beringei, kwa jina la aliyewaua. Wakati huo Rwanda, Burundi na Tanganyika zote zilikuwa chini ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Watu wa pwani ya kaskazini ya Nyasa walitawaliwa na serikali hiyo hiyo kupitia kituo cha Tukuyu, kilichoitwa Neu-Langenburg. Kwa hiyo miaka hiyo safari ya kutoka Kyela hadi kwa gorila isingevuka mpaka wa koloni hata mara moja.

Je, wajua kwamba gorila huhesabiwa kwa vitanda vyao?

Kila jioni gorila mkubwa hujitandikia kitanda kipya cha majani na matawi, na asubuhi hukiacha. Wahesabuji hufuata vitanda hivyo, wakaokota kinyesi kilichomo na kukipima vinasaba ili wasimhesabu mmoja mara mbili. Hesabu za Virunga za mwaka 2015 na 2016 zilipata gorila 604. Bwindi pamoja na msitu wa Sarambwe ulioungana nayo upande wa Kongo zilitoa 459 katika hesabu ya 2018. Jumla ni 1,063. Novemba 2018 gorila wa milimani walishushwa daraja moja katika orodha ya wanyama walio hatarini, kutoka kundi la hatari kubwa kabisa. Ni nadra kusikia habari njema ya namna hiyo kuhusu mnyama mkubwa.

Wafuatiliaji wanaokuongoza hutumia ujuzi huo huo. Alfajiri huanzia pale kundi lilipoachwa jana, wakatafuta vitanda vya usiku, kisha wakafuata majani yaliyovunjwa na kinyesi kibichi. Gorila mmoja mmoja hutambuliwa kwa mikunjo ya pua, ambayo haifanani kati ya mnyama na mnyama.

Je, wajua kwamba uraia wa Tanzania unakupunguzia bei?

Kila kundi la gorila waliozoeshwa kuona watu hutembelewa mara moja kwa siku, na watu wasiozidi wanane, kwa muda wa saa moja. Ndiyo maana vibali ni vichache na ghali. Rwanda ilipandisha bei kutoka dola 750 hadi dola 1,500 mwezi Mei 2017. Uganda humtoza mgeni wa kutoka nje ya Afrika dola 800 tangu Julai 2024. Lakini raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hulipa Uganda shilingi 300,000 za nchi hiyo, karibu sehemu ya kumi ya alicholipa Mzungu unayefuatana naye njiani. Rwanda nayo imekuwa na bei ya punguzo kwa raia wa Jumuiya. Uliza kabla ya kulipa chochote kwa wakala, na uliza ukiwa umetaja uraia wako. Anayenyamaza atauziwa kwa bei ya mgeni.

Kibali hununuliwa kwanza, nauli baadaye. Wengi hukosea hapo: wanapanga basi, wanaomba likizo, kisha wanaambiwa tarehe hiyo imejaa.

Je, wajua kwamba kadi ya njano haiishi muda?

Uganda hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo lazima ichomwe siku 10 au zaidi kabla ya kuingia, kwa hiyo kuchomwa ukiwa tayari mpakani hakusaidii. Zamani cheti kilikuwa cha miaka 10. Tangu Julai 2016, kwa kanuni za Shirika la Afya Duniani, chanjo moja inatosha maisha yote, hata kama kadi yako ya zamani imeandikwa tarehe ya kuisha. Itunze pamoja na pasipoti. Mtanzania haombi viza kuingia Uganda wala Rwanda, ila hati ya kusafiria lazima awe nayo.

Je, wajua kwamba watu wa Kyela tayari wanajua mtego wa saa?

Anayevuka daraja la Songwe pale Kasumulu kwenda Malawi hurudisha saa yake nyuma kwa saa moja. Rwanda nayo iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja, lakini Uganda iko sawa nasi. Kwa hiyo aliyepitia Mutukula, upande wa Kagera, asiguse saa. Aliyepitia daraja la Rusumo, upande wa Ngara, airudishe. Na huko Rusumo jambo jingine hubadilika: magari ya Rwanda hupita kulia. Ukishuka kwenye basi, tazama upande ambao hukuzoea kutazama.

Je, wajua kwamba mafua yako ni hatari kuliko meno ya gorila?

Vinasaba vya gorila na vya binadamu vinafanana kwa takriban asilimia 98. Kinachotuuguza sisi kinawauguza na wao, tena wao hawana kinga tuliyoipata utotoni. Afrika Mashariki imejifunza hili kwa misiba.

Mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza uliofanana na polio uliwakumba sokwe wa Gombe wakati polio ilipokuwa imezuka kwa watu wa eneo hilo. Baadhi walikufa, wengine wakabaki na viungo visivyofanya kazi, na timu ya Jane Goodall ikalazimika kuwapa waliobaki chanjo ndani ya ndizi. Mwaka 1996 gorila wa Bwindi walishikwa na upele, na mtoto mmoja akafa. Daktari aliyeshughulikia mlipuko huo alikuwa Gladys Kalema-Zikusoka wa Uganda, mganga wa wanyamapori. Ilidhaniwa kwamba upele ulitokana na nguo za watu. Baadaye, mwaka 2003, alianzisha shirika linalotunza afya ya wanavijiji na ya gorila kwa pamoja, kwa hoja kwamba kijiji chenye zahanati nzuri ni ngao ya msitu. Mwaka 2006 ugonjwa wa kifua ulipita katika kundi la sokwe wa Mahale linalotembelewa na watalii. Sokwe 12 walikufa au walitoweka. Mwaka 2009 virusi vya binadamu viliua gorila jike na mtoto nchini Rwanda. Na Januari 2021 gorila wa bustani ya wanyama huko San Diego, Marekani, walithibitika kuwa na korona.

Kutoka kwenye misiba hiyo zikaja sheria utakazosomewa asubuhi ya safari. Asiyefikisha miaka 15 haingii. Barakoa huvaliwa. Umbali, ambao zamani ulikuwa mita 7, sasa ni mita 10. Mwenye kikohozi, mafua, kuhara au homa anabaki nyuma, hata kama amelipa na ametoka mbali. Hapa mtu wa Kyela ana tahadhari ya ziada. Bonde letu ni la malaria. Malaria haimpati gorila kwa wewe kupumua, lakini mlinzi mwenye kipimajoto hawezi kujua homa yako inatoka kwa mbu au kwa mafua. Pima kabla ya kupanda basi, tumia dawa ukikutwa nayo, na lala ndani ya chandarua wiki zote za mwisho.

Je, wajua kwamba gambuti za shambani zinafaa msituni?

Watalii hununua viatu vya mlimani kwa mamia ya dola. Wafuatiliaji wengi wanaoingia msituni kila siku huvaa gambuti, zile zile zinazovaliwa kwenye majaruba ya Kyela wakati wa mvua. Kama zimekukaa vizuri na zina meno mazuri chini, zinatosha kwenye tope. Mambo mengine ya kuvaa na kubeba ni haya:

- Suruali ndefu iingizwe ndani ya soksi. Adui wa Bwindi anayeheshimiwa na wote ni siafu.
- Glavu za kazi, hata zile za bustani. Miongoni mwa chakula cha gorila kuna majani yanayowasha vikali, na ndiyo hayo utakayoyashika ukiteleza.
- Koti la mvua mwezi wowote. Msitu wa mvua haufuati kalenda.
- Maji ya kunywa na chakula cha mchana, ila haviliwi mbele ya gorila.
- Kamera isiyopiga mwanga. Mwanga unakatazwa kwa sababu unamshtua mnyama.
- Usivae nguo zenye madoadoa kama za jeshi. Uganda na Tanzania zote haziruhusu raia kuzivaa.
- Usibebe mifuko ya plastiki. Rwanda iliipiga marufuku mwaka 2008, na Tanzania Juni 2019.

Je, wajua kwamba kuna njia ya pili inayopita katikati ya viboko?

Asiyeweza kufika Uganda anaweza kwenda kwa sokwe wetu wenyewe. Barabara ya kutoka Mbeya kupitia Sumbawanga hadi Mpanda inakatiza ndani ya Hifadhi ya Katavi, yenye mamia ya viboko wanaosongamana kwenye madimbwi wakati wa kiangazi. Huko acha nguo za bluu na nyeusi: mbung'o huvutwa na rangi hizo, na ndiyo maana mitego ya mbung'o hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo hizo.

Mbele ya Mpanda kuna Kigoma, na kutoka Kigoma kuna Gombe na Mahale. Gombe ni pale Jane Goodall alipotua Julai 1960, akaona mwaka huo huo sokwe akitumia kijiti kuvulia mchwa, akabadili mawazo ya dunia kuhusu nani anatengeneza zana. Mahale, hifadhi tangu mwaka 1985, imefuatiliwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto tangu 1965, na watu huifikia kwa boti au kwa ndege ndogo. Mashariki mwa Kongo, yenye gorila wa milimani na wa nyanda za chini, hali ya vita imezuia safari. Goma iliangukia mikononi mwa waasi Januari 2025.

Je, wajua kwamba kujipiga kifua ni kujipimisha?

Dume zima la gorila huota mvi za fedha mgongoni likifikia miaka 12 hivi, na lina uzito unaoweza kuzidi kilo 160. Linapojipiga kifua hutumia viganja vilivyokunjwa kidogo, na mlio husikika mbali msituni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba madume makubwa hutoa mlio mzito zaidi, kwa hiyo huenda dume jingine hupima ukubwa wa mwenzake kwa kusikia tu, bila kupigana.

Likija mbio kuelekea kwako, usikimbie. Inama, shusha macho, ngoja. Mara nyingi linaishia njiani. Waongozaji hutoa sauti ya kukoroma kooni kama anayesafisha koo, ambayo kwa gorila ni salamu ya amani. Na ukibanwa na haja kubwa msituni, sheria inamtaka mwongozaji akuchimbie shimo la sentimita 30 na kulifukia, kwa sababu ile ile ya magonjwa.

Je, wajua kwamba mpagazi wako huenda aliwahi kuwa mwindaji?

Langoni utakuta vijana wanaobeba mizigo kwa malipo. Mkodishe mmoja hata kama begi lako ni jepesi. Atakuvuta mkono kwenye mteremko, na miongoni mwao wapo waliokuwa wakitega mitego msituni kabla ya kazi hii. Uganda hurudisha kwa jamii zinazopakana na hifadhi asilimia 20 ya ada za kiingilio, pamoja na dola 10 kutoka kila kibali cha gorila. Lakini si kila jirani amefaidi. Wabatwa, walioishi Bwindi kwa vizazi, walitolewa msituni ulipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991. Ukipata nafasi ya kuwatembelea na kununua kazi za mikono yao, nunua kwao moja kwa moja.

Je, wajua kwamba gorila wa milimani hayupo katika bustani yoyote ya wanyama?

Gorila unaowaona katika bustani za Ulaya na Marekani ni karibu wote wa nyanda za chini za magharibi, jamii nyingine kabisa. Wa milimani wote 1,063 wa hesabu ile wako porini. Hakuna akiba mahali popote: wakipatwa na tauni Bwindi na Virunga, hakuna bustani itakayowarejesha. Kwa hiyo katika orodha yote hii, kipimo cha malaria, barakoa mbili za akiba na ujasiri wa kusema langoni "leo sijisikii vizuri" ndivyo vitu ambavyo mtu yeyote anayetoka Ndandalo asiviache nyumbani.